Herufi za Kuchangamka

Mchoraji wa matangazo, kwenye ofisi ninayofagia, kila akibadilisha herufi kwenye kompyuta hushusha pumzi kama aliyepanda kilima. Tangazo la juisi bosi amelikataa tena na tena. "Herufi zimepooza! Leo zisipochangamka, kazi nampa mwingine." Basi anajaribu za mviringo, zenye mikia, zilizonenepa, ila neno la kujaribia ni lake mwenyewe: Nimechoka. Jioni bosi akachungulia begani kwake. "Ehee! Hizi sasa zinacheka! Hizo hizo, kaka!" "Asante, bosi," akajibu taratibu. Bosi neno hakulisoma. Mimi nililisoma, nikamwombea mchoraji kimoyomoyo. Akafuta Nimechoka, akaandika Burudika, na herufi zikaendelea kucheka.