Ibada ya Shukrani kwa Anwani ya Bure

Kasyoki wa Kwa Vonza anajiita developer, yaani mjenzi wa tovuti, na kusema kweli laptop anayo. Mwaka jana aliomba subdomain, yaani anwani ya bure ya mtandaoni inayokaa chini ya jina la wenyewe, kama mtu aliyepewa chumba kwenye ploti ya mwingine. Hapo angejenga soko la kuuzia mbuzi wa mama yake, Mbithe.

Alipokubaliwa hakujenga kitu. Aliitisha ibada ya shukrani. Pasta akaiwekea laptop mikono, kwaya ikaimba, mbuzi mmoja wa Mbithe akachinjwa, na sisi majirani tukala tukisifu nyumba isiyo na hata tofali.

Wenye anwani walikuwa wameandika wazi kwamba isiyo na kitu ndani itafutwa. Ikafutwa. Kasyoki akasema ni wivu wa watu, akaomba nyingine, tukala tena. Hiyo nayo ikafutwa. Ya tatu ilihitaji maombi mazito zaidi, na maombi mazito hayaendi na mbuzi mmoja.

Juzi tovuti ilikamilika, na ni nzuri, simnyimi sifa. Ina kitufe cha kununua na nafasi ya picha. Kasyoki akaenda kwa mama yake, simu mkononi.

"Mwaitu, nitolee mbuzi niwapige picha."

Mbithe akamwonyesha zizi tupu kwa kidevu.

"Kamba zao ziko pale," akasema. "Zipige picha hizo. Ndizo hamkula."