Matawi ya Msiba kwenye Gari la Uganda

Sipendi kuanza na aibu, mimi ni mtu wa kuanza na mafanikio, lakini Kahama nzima inanicheka, hadi wauza nyanya wa hapa Nyasubi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kuliko kumsikia rafiki yangu Shija, maana Shija anaongeza chumvi.

Nilikaa Uganda miaka mingi, nikaanza kwa kubeba magunia nikaishia na mashine zangu za kusaga (shule niliacha darasa la pili, lakini nimewaajiri waliomaliza), na nilipoamua kurudi nyumbani nilirudi na gari langu, jeusi, linang'aa, namba za Uganda. Pale mpakani dada wa forodha akanipa karatasi akasema, "Baba, hiki ni kibali cha muda. Kabla hakijaisha nenda ofisi yetu iliyo karibu nawe, ama uongezewe, ama ulipe ushuru gari liandikishwe hapa." Nikamjibu, "Nimeelewa, mwanangu." Sikuelewa hata nusu, ila kumwomba arudie mbele ya foleni ya vijana, mimi, mwenye gari lile? Hapana.

Sasa mwanangu Kulwa akapata mchumba kule kijijini Samuye, njia ya Shinyanga, binti wa Mzee Luhende, na siku ya kwenda kupatana ng'ombe ikapangwa. Bibi wa huyo binti, mama mzazi wa Luhende, alikuwa amelazwa huku Kahama, akaruhusiwa siku hiyohiyo, nami nikampigia Luhende simu kwa sauti ya mtu mwenye gari: "Mama nitamleta mwenyewe." Nilitaka wakwe waone gari kwanza, ng'ombe baadaye.

Asubuhi tumeshavaa, Shija, msemaji wetu siku hiyo, akaomba aone kile kibali. Akasoma, akakunja uso.

"Bwana wee, hiki kilishaisha. Tukisimamishwa gari linashikwa, na wakwe wanasubiri."

"Si twende na basi," akasema mke wangu, Mama Kulwa.

Basi! Mimi nishuke kwenye basi mbele ya Luhende, na mama yake nimemshika mkono? Macho yakaangukia mwarobaini wa jirani, nikakumbuka kwamba gari la msiba trafiki hawalisimamishi: matawi mbele, matawi nyuma, taa zinawaka, unapungiwa mkono. Nikakata matawi nikafunga juu ya namba, mbele na nyuma, nikasema nitayatoa kabla ya kufika Samuye.

"Tunabeba mtu aliyetoka hospitali, wewe," Shija akaninong'oneza.

"Si amepona?"

Tulipofika hospitali, mayu yule (ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama), kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, alipanda bila kuuliza, akaegemea bega la Mama Kulwa, akalala. Nikaendesha jasho likinitiririka mpaka kiunoni, kila koti jeupe kama la trafiki nililoliona mbele (mara mbili lilikuwa la muuza maziwa) moyo unaruka, na trafiki wa kwanza akatupungia kweli, nikaanza kupiga mluzi. Karibu na Tinde, trafiki wa pili akatusimamisha. Nilitaka kufa. Akavua kofia.

"Poleni, mzee. Mnazika wapi?"

"Samuye," nikasema (uongo hapo uko wapi? Samuye ndiko tulikokuwa tunakwenda).

Akachungulia nyuma, akamwona bibi amelala. "Huyu ndiye mfiwa? Maskini. Na mimi naelekea Shinyanga, ngoja niwatangulie."

Akawasha pikipiki! Sasa matawi nitayatoa saa ngapi, askari yuko mbele? Nikipunguza mwendo, naye anapunguza, anageuka kuniangalia kwa huruma. Halafu bodaboda wawili wakajiunga nyuma yetu, taa zinawaka, na mmoja wao alikuwa wa Samuye, alijua gari gani limetumwa kumchukua mama yake Luhende, akapiga simu huku anaendesha.

Tulipokata kona ya kuingia kwa Luhende kilio tulikisikia kabla ya kuona watu. Kina mama wako chini, Luhende ameshikwa na wanaume wawili, na yule binti, mchumba wa mwanangu, amejitupa juu ya boneti ya gari langu anamwita bibi yake. Na bibi yake akaamka. Akafungua mlango, akashuka polepole, akauliza kwa Kisukuma, "Amekufa nani?"

Kuna waliokimbia.

Alipoelezwa, akapapasa yale matawi kwa mkono, akanigeukia. "Mmeshanililia. Siku yenyewe atanililia nani?"

Yule askari naye alikuwa amesimama na kofia kifuani. Akaivaa. Akayang'oa matawi mwenyewe, akasoma namba, akanyoosha mkono: "Kibali." Gari likaenda kituoni, sisi tukarudi kwa basi, na ng'ombe hawakutajwa. Forodha wakaniambia nilipe ushuru na faini au nilirudishe nilikolitoa. Nikalirudisha, nikaliuza hukohuko Uganda, fedha ikanunua ng'ombe.

Luhende alikataa kupokea simu yangu, akapokea ya Shija. Masharti yalikuwa mawili: ng'ombe mmoja wa kumtakasa bibi aliyeliliwa akiwa hai, mbali na wa mahari, na baba wa kijana aje, ale, asiseme neno. Basi nikaenda. Walipandisha idadi ya ng'ombe mbele yangu, wakapandisha tena, mimi niliyepatana bei na Waganda mpaka wakalia, nikatafuna nyama kimya, na Shija akikubali kila kitu kwa niaba yangu. Kulwa ameoa. Na mimi karatasi yoyote ikinifikia sasa natafuta mtu anisomee kwa sauti, hata barabarani, hata watu wakiwepo, maana kuona aibu ya kuuliza kumenigharimu gari, na siku ya kupatana mahari ya mwanangu kumeninyima mdomo.