Picha za Mikate Nilizozikata

Kwenye simu yangu kuna picha elfu moja na mia mbili za mikate nilizozipanga. Hakuna hata moja yenye mtu ndani.

Watu walikuwemo. Niliwakata mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kidole hiki hiki ninachoandikia.

Nilifikiri nafanya usafi.

Hadi Jumamosi moja mwanamke nisiyemjua aliponifuata mbele ya darasa langu la mikate, akaniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa na mtu. Hakutaka kuonja. Hakutaka kufundishwa. Alisema:

"Mama, minakuomba, fungua simu. Minataka tu kuona ile picha ya mukate."

Nikamcheka.

Kile kicheko kinanichoma mpaka leo. Wacha niwaeleze kilivyotokea, na mkimaliza kusoma mnitukane, nimestahili.

Naitwa Fabiola, lakini hapa mtaani Murara wananiita Mama Mikate. Nimezaliwa Butembo, nimeolewa Goma. Ugonjwa wangu ni mmoja: nikiona mapishi ya mkate mtandaoni, siwezi kupita hivi hivi. Facebook, YouTube, magrupu ya WhatsApp, popote. Mkate wa maziwa, wa ndizi, wa viazi vitamu, wa mihogo. Napiga picha ya skrini, nahifadhi. Wengine wanakusanya vitenge, mimi nakusanya mikate.

Simu ikajaa mpaka ikakataa kupokea hata ujumbe wa sauti. Ndipo nikaamua kupanga.

Wiki mbili nzima. Nikafungua mafaili: Maziwa, Ndizi, Mihogo, Bila mayai, Ya sikukuu. Kila picha naikata. Juu naondoa jina la ukurasa. Chini naondoa maneno ya watu na vichekesho vyao. Pembeni naondoa mikono, nyuso, watoto waliojipenyeza. Ubaki mkate peke yake na maelezo yake, safi kama wa kwenye gazeti.

Nilijisikia fundi kweli.

Kisha nikaenda secrétariat, pale wanapochapa karatasi, wakanichapia kurasa themanini, nikazitia kwenye klaseri nyekundu, jalada gumu la kuwekea karatasi. Zilionekana uchi bila jina. Nikachukua bic, nikaandika chini ya kila ukurasa: Recette ya Mama Fabiola, yaani mapishi yangu.

Ukurasa wa kwanza mkono ulisita. Kufika wa kumi, ulikuwa umezoea.

Na siri nyingine niitoe hapa hapa. Zaidi ya nusu ya yale mapishi nilikuwa sijawahi kuyapika.

Kina mama wa parokia waliposikia nina klaseri, wakaniomba niwafundishe. Tulikuwa kumi na wawili na mimi, kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Tulipofika kwenye mkate wa mihogo, rafiki yangu Thérèse akauliza:

"Fabi, hii nayo uliitoa wapi?"

Mdomo ukajibu kabla yangu.

"Hii? Hii ni ya mama ya mama yangu, kule Butembo."

"Eeeh!" wakasema wote.

Jamani, uwongo ukipokelewa vile unakuwa mtamu. Nikauongezea sukari. Nikawaambia mama ya mama yangu alivyokuwa anaupika kwenye majani ya ndizi, wakati yule mzee maisha yake yote alikula bugali na maharagi tu.

Thérèse akafurahi sana. Baba yake na mama yake walikuwa wanakaribia jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, na baba yake anapenda mihogo kuliko nyama.

"Basi huu mukate wako njo utakaa katikati ya meza," akasema. "Sitaki gâteau, keki ya kununua."

Jumamosi iliyofuata ndipo yule mwanamke akaingia.

Alikuwa mwembamba, amejifunga kilemba, viatu vyake vimechoka. Alisema anaitwa Alima, ametoka upande wa Rutshuru kwa sababu ya vita, sasa anakaa kwa mjomba wake, muzee Hemedi, nyumba ya nne kutoka kwangu. Akakaa nyuma. Hakuandika kitu. Klaseri ilipomfikia, akafungua ukurasa wa mihogo, akauangalia kwa muda mrefu.

Kisha akainua mkono.

"Mama, samahani. Hapa kunakosa maneno ya mwisho."

"Maneno gani?"

"Sehemu ya unga inapikwa kwanza kama uji muzito, inapoa, njo unachanganya na chachu. Bila ile, mukate hautajishika."

Wote wakaniangalia.

Ningeweza kusema: asante, mama. Neno fupi tu.

Nikasema: "Mama ya mama yangu alipika huu mukate wakati weye haujazaliwa. Unamushinda yeye?"

Wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaongeza:

"Wengine wanakuja hapa juu ya chai, halafu wanataka kufundisha mwalimu."

Alima aliinamisha kichwa, akasubiri mpaka tumemaliza. Ndipo akanifuata na lile ombi lake la kufungua simu.

"Ile picha yenyewe," alisema. "Ile ya kwanza, kabla haijachapwa."

"Simu yangu si musée ya kila mutu kuja kuangalia, mama," nikamjibu, na ndipo nikamcheka.

Akasema, "Sawa, mama." Akaondoka. Kikombe chake cha chai alikuwa hajakigusa.

Siku ya jubilei ikafika.

Tulipika mikate sita ya mihogo kwa kufuata ukurasa wangu neno kwa neno. Kwa nje ilikuwa mizuri. Ikawekwa katikati ya meza, maua pembeni, padri akabariki. Wazee wawili wakashika kisu pamoja, watu wameshika simu juu wanapiga picha.

Kisu kikashuka.

Mkate ukamwagika. Sina neno jingine. Ulimwagika kama mchanga kwenye kitambaa cheupe, ndani kukabaki donge bichi. Baba yake Thérèse akajaribu kuokota kwa vidole ili asimwaibishe binti yake. Akatia kinywani. Akakohoa.

Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, ni udongo?"

Tulikata wa pili. Vile vile. Wa tatu hatukuukata.

Thérèse alinivuta pembeni, machozi yakiwa karibu. "Fabi, ni nini hii?"

Hapa ndipo ninapowaomba mnivumilie, kwa sababu kuandika haya ni kazi.

Ningeweza kumwambia ukweli. Badala yake nikatafuta mtu wa kubeba aibu yangu, na mtu huyo nikampata haraka.

"Mimi minashangaa pia," nikasema. "Mikate yangu haijafanyaka hivi hata siku moja. Lakini weye uliona yule mama wa Rutshuru alivyoangalia ule ukurasa? Kuko watu wenye jicho mbaya."

Nilisema polepole, kama mzaha.

Mjini kwetu neno kama hilo halina mzaha. Jumatatu kwenye bomba la maji kina mama walimwachia Alima nafasi, si kwa heshima, kwa woga. Jumatano watoto walikuwa wanakimbia akipita. Ijumaa nikasikia majirani wamekwenda kwa muzee Hemedi kumwambia amtoe mgeni wake.

Nilisikia yote hayo nikiwa jikoni kwangu. Nikanyamaza.

Jumapili mchana nikampigia mdogo wangu Kasereka, mwenye tanuru la mikate Butembo. Nilitaka kujua kwa nini mkate wa mihogo unamwagika, nisije nikaaibika tena. Akacheka.

"Yaya, dada yangu, si njo weye ulinitumiaka ile recette, mwaka ule? Wameandika pale chini upike uji kwanza. Mimi minaupikaka kila juma."

"Chini wapi?"

"Ku picha. Ngoja."

Picha ikaingia. Ilikuwa ile ile yangu, kabla sijaikata. Ndiyo pekee niliyowahi kumtumia.

Nikaiangalia, nikakaa juu ya gunia la makaa.

Mkate uko kwenye sahani, na sahani imeshikwa na msichana wa miaka kumi na tano hivi, kitambaa cha kijani kichwani, anacheka huku amefumba jicho moja kwa moshi. Nyuma yake mwanamke amemwekea begani mkono wenye unga. Amenenepa kidogo kuliko sasa, lakini ni yeye.

Juu: Mikate ya Mama Alima, Kalengera.

Chini: Musisahau kupika uji kwanza, mama anasema bila uji mukate haujishike! Ni mimi Kadidja, mwandishi wa mama.

Sikubadilisha hata nguo. Nikaenda.

Alima alikuwa uani, anachambua maharagi. Karibu yake kulikuwa na mfuko umefungwa tayari. Muzee Hemedi aliniona, akaingia ndani bila kunisalimia.

"Mama Alima," nikasema, "nimekuja kuomba musamaha."

"Ya nini?"

"Ya yote. Ile recette ni yako. Nilikata jina lako. Na yale maneno ya jicho, ni mimi niliyatoa."

Aliendelea kuchambua. "Recette iko ku mikono yangu, haiwezi kunipotea. Unafikiri niliomba simu yako juu ya recette?"

Sikuelewa. Akanieleza, bila kulia, na hilo ndilo lilinitisha.

Walikimbia kutoka Kalengera, kwao upande wa Rutshuru, yeye na binti yake. Njiani wakanyang'anywa simu. Walipofika hapa Goma, Kadidja akashikwa na homa, hakumaliza wiki ya tatu. Na picha zake zote, zote, zilikuwa kwenye ule ukurasa wa mikate wa Facebook. Aliyechukua simu alifuta kila kitu, sasa anauzia viatu kwenye ukurasa ule ule.

"Sina hata moja ya sura yake," Alima akasema. "Halafu mutu akaniambia, Murara kuko mama mumoja anachungaka recette zote za mikate. Nikasema, basi mutoto wangu iko kwake."

Nikampa simu.

Akaweka kidole gumba kwenye shavu la msichana, picha ikasogea, akashtuka. "Imeenda!" Nikairudisha. Akaishika kwa kingo, kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

Kisha akauliza, "Na zingine? Kadidja alitiaka mingi sana."

Tukafungua mafaili yangu niliyoyapanga vizuri. Alitambua mikate yake kwa sahani na kwa kitambaa cha meza. Thelathini na saba. Katika mmoja kulikuwa na ncha ya kidole ukingoni. Katika mwingine, pembe ndogo ya kijani. Basi.

"Hii ni kidole yake," akasema. "Na hapa alikuwa wapi?"

"Nilimukata."

"Juu ya nini?"

Nikaisogeza picha pembeni, kana kwamba bado amejificha pale.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Alikuwa anaharibu mukate?"

Jumamosi nikasimama mbele ya darasa na klaseri yangu, nikasema yote: jina, mama ya mama yangu, mapishi nisiyoyapika, jicho, na Kadidja. Thérèse alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mukate ningekusamehe leo leo," akasema. "Lakini ulitufanya tukimbie mama mwenye alizika mutoto."

Walikwenda wote kwa muzee Hemedi kumwomba Alima msamaha. Mimi nilibaki barabarani, sikualikwa kuingia. Mfuko wake ulifunguliwa, angalau hilo. Lakini walipomwomba aje awafundishe ule mkate, akakataa. Alisema aliupika kwa ajili ya mtu wa kuupiga picha.

Darasa limekwisha. Sasa ni mimi ninayeachiwa nafasi kwenye bomba, na ni haki. Alima ananisalimia. Haniketishi.

Tangu hapo nimeandika kwenye kila grupu nililowahi kuingia. Watu watatu wamejibu: mmoja wa Uvira, mmoja wa Bujumbura, mmoja wa Beni. Kila mmoja alikuwa na picha moja, nzima, haijakatwa. Nilizichapisha pamoja na ile ya Kasereka kwenye karatasi nzuri, nikampelekea mlangoni. Sasa ana Kadidja wanne.

Funzo langu ni hili, na nimelipata kwa kumuumiza mtu: unapohifadhi kazi ya mtu, mhifadhi na mtu mwenyewe. Jina lake, mkono wake, utani wake wa pale chini. Wewe hujui ni nani atakuja siku moja kuuliza.

Na kama unasoma hapa, na uliwahi kuhifadhi mkate wa Kalengera, fungua simu yako uangalie. Ukiona msichana wa kitambaa cha kijani, usimkate.

Nitumie hivyo hivyo alivyo. Mama yake anamsubiri.