Jiwe Nililolikwangua Amagoro

Niliondoka Eldoret Jumatatu alfajiri kwa sababu mama yangu alikuwa anakufa, na blanketi lake la kuzikiwa lilikuwa limebakiza mstari mmoja. Yeye na dada yake Sabina waliahidiana tangu usichana kwamba kila mmoja atazikwa na blanketi alilolifuma mwenyewe, lenye mistari ya kahawia. Rangi hiyo hutoka kwenye kitu kinachoota juu ya mawe ya kwao, karibu na Amagoro. Wanakiita majani ya mwamba, ingawa si majani. Ni kuvu na mwani vilivyoungana kuwa kiumbe kimoja, magamba ya kijivu yenye kingo zilizojikunja, yanayoishi juu ya jiwe bila udongo. Ukiyachemsha pamoja na sufu, sufu hushika rangi isiyopauka.

Saa nne nilishuka Malaba kutoka kwenye lori la saruji. Dereva alicheka aliposikia nimefuata nini.

"Boss, watu wanakuja hapa kutafuta pesa, wewe unatafuta ukungu ya mawe?"

Nilimlipa nauli. Mwenye mgonjwa hana utani.

Adhuhuri nilifika kwa mama mdogo Sabina. Utotoni niliona miamba mingi nyuma ya boma lake. Sasa limebaki jiwe moja. Mengine majirani waliyapasua yakawa kokoto.

"Barabara inakula mawe," alisema.

Alibandua kipande kwa ukucha, akakidondoshea maji ya majivu, yale anayopikia mboga. Kikawa manjano, kisha polepole kikawa chekundu kama kutu. Akachukua kingine, pacha wake kabisa, akakidondoshea. Kikabaki kijivu.

"Hii ni ya uongo. Kwa macho huwezi jua. Kila kipande lazima uonjeshe majivu. Na ngoja mvua kwanza. Ikilowa inatoka polepole, ingine inabaki kwa jiwe ikue. Chukua upande ya chini, ya mama yako. Ya juu ni yangu, ya mstari yangu ya mwisho."

Jumanne asubuhi alikwenda sokoni Amagoro kuuza mboga. Hakuwa amefika mbali mke wangu aliponipigia: mama amekataa hata uji. Nikatazama juu, hakuna wingu. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimewaambia watu wengi sana. Nilichukua kisu cha jikoni nikalikwangua jiwe lote, juu na chini, kwa kuogopa kwamba ya chini hayatatosha. Sikujaribu kipande hata kimoja.

Saa nane mama mdogo alirudi. Alisimama mbele ya jiwe, kikapu kingali kichwani. Nilitamani anitukane. Badala yake aliketi, akamwaga gunia nililotilia magamba, akaanza kudondoshea kipande kimoja kimoja. Vingi vilibaki kijivu. Vya kweli, vyake na vya mama pamoja, havikujaza hata bakuli.

"Hii ni ya mtu mmoja," alisema.

"Nitakurudishia, mama mdogo."

"Utarudisha na nini? Hiyo ilikuwa hapo nikiolewa, na ilikuwa tu kama kucha."

Kisha akalisukuma bakuli kwangu. "Peleka. Yeye ndiye anatangulia."

Jumatano nyumbani tulichemsha sufu, na mke wangu akamfumia mama mstari wa mwisho kando ya kitanda, kwa kuwa mikono yake haikuweza tena. Mama aliupapasa kwa vidole.

"Sabina umemwachia yake?"

"Ndiyo, mama."

Akafumba macho, ametulia. Alifariki Ijumaa.

Siku ya mazishi mama mdogo alikuja. Aliinama, akaugusa mstari ule, akaniambia umeshika rangi vizuri. Nje aliniuliza kama dada yake alimtaja.

"Aliuliza kama nimekuachia yako. Nilisema ndiyo."

"Ulifanya vizuri," alisema, akaenda kuwasaidia wanawake kupakua chakula. Ningeona nafuu kama angenipiga kofi.

Katika safari hiyo nilijifunza kutofautisha majani ya kweli na ya uongo: tone moja la maji ya majivu, na subira ya dakika chache. Ni elimu isiyonisaidia kitu sasa. Mwezi uliopita nilirudi kumsalimu mama mdogo. Ana miaka sabini na mitatu. Alinionyesha blanketi lake, mistari minne ya kahawia na wa tano mweupe, akalikunja akalirudisha sandukuni. Nyuma ya boma, jiwe bado lina alama za kisu changu, na hakuna kilichoota.