Barua Niliyoichapa Murungu Ikatokea Kasulu

Hii habari nilikusudia kufa nayo, ila Mwalimu Bitama wa kule Murungu anaisimulia kila harusi anayoalikwa, tena anaitia chumvi (eti nililia, sikulia, macho yalikuwa na vumbi la chaki), kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeumbuka kuliko kusikia ya kuokota.

Mimi ni mtu wa Morogoro, mnanijua. Ajira ilinileta Kasulu nikiwa na begi moja na koti jepesi, nikafundisha, nikaoa kijiji cha jirani, Heru Juu, nikapata mtoto, Neema. Mke wangu Yasinta ana steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, na pale kazi haiishi, wanachuo, watu wa ofisini, wenye kesi, wote wanatuma mambo yao kwa simu, printa inatema tu, karatasi zinachanganyikana, mpaka Yasinta akaweka utaratibu wake: karatasi isiyo na mwenyewe inasomwa kwa sauti mpaka mwenyewe aseme "ni yangu". Nimeona watu wazima wakikimbilia kaunta kunyakua barua zao za mapenzi. Nilikuwa nacheka sana. Mungu ananiona.

Sasa, siku moja mtu aliondoka na rimu zima la karatasi kwapani, tukafunga kamera darini pale dukani, ile inayoona na kusikia, na ukitaka unaongea kupitia humo humo. Nikataka niwe naiona hata nikiwa safarini. Rafiki yangu mmoja akanionya nisiiache kamera wazi kwenye intaneti, kila mtu duniani atakuja kuchungulia duka la mke wangu, akaniambia weka VPN kwenye rauta ya nyumbani. Basi nikaingia kwenye video za mafunzo. Siku ya kwanza nilikata intaneti ya nyumba nzima na ya jirani anayeombaga kwetu, siku ya pili nikasahau neno la siri nililoliweka mwenyewe, siku ya tatu ikakubali, na hapo mimi kifua mbele nikamwita Yasinta nimfundishe.

Nikamwambia VPN ni njia ya chini kwa chini, kutoka popote nilipo hadi kwenye rauta yetu, na kila kinachopita humo kimefungwa, aliye njiani haoni kitu.

Akaniuliza, "Na hiyo njia inatokea wapi?"

"Hapa, kwenye rauta."

"Kwa hiyo ukiingia humo ukiwa mbali, ni kama uko hapa hapa nyumbani na sisi."

Nikasema ndiyo, ndiyo, nikaendelea kueleza jinsi watu wa njiani wasivyoona. Mwanamke alikuwa ameelewa jambo lote kwa sentensi moja, mimi niliyeifunga nilikuwa nimeelewa nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyonivua nguo.

Kuna kitu nilikuwa namficha. Nilitaka uhamisho kwenda Morogoro. Sikumwambia, kwa sababu mama mkwe alikuwa ametupatia kiwanja Heru Juu, na Yasinta alishafyatua matofali na kuyachoma, kila Jumapili anaenda kuyahesabu kama vifaranga. Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Nikajisemea niandike kwanza, nikikubaliwa nitamwambia kwamba serikali imenihamisha, serikali haina mkwe. (Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.)

Nikapelekwa Murungu, kule Kibondo, wiki mbili, kuwafundisha walimu wenzangu kompyuta. Nikaona hapa ndipo, hakuna anayenijua, barua nitaiandikia huku na kuichapa huku. Nikaiandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza jina, anwani, salamu. Ukurasa wa pili sababu, na sababu nilizipika mpaka zikaungua. Moja, mke wangu ana kifua na ameshindwa kabisa na baridi ya huku. Mbili, mama mkwe wangu ni mgonjwa wa muda mrefu, anaishi Morogoro na anahitaji uangalizi wangu wa karibu. Tatu, hatuna makazi wala matarajio ya makazi katika mkoa huu.

Asubuhi moja, kabla ya semina, nikaunganisha laptopu kwenye printa ya ofisi ya shule, nikabonyeza chapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara nne, kumbe mimi sikuangalia, laptopu ilikuwa inaituma kazi kwenye printa iliyoizoea, ile ya dukani kwa Yasinta, na kwa kuwa haikuiona, ikaziweka nakala zote nne kwenye foleni, zikasubiri kwa adabu. Nikasema printa ya shule mbovu, nikaenda kufundisha.

Saa nne, chai imeshanywewa, walimu kama thelathini wamekaa, Mwalimu Bitama, mkuu wa shule, yuko mstari wa mbele na daftari lake, na somo ni usalama wa mtandao. Ningefundisha kwa mchoro ubaoni yangeisha. Lakini mimi nikataka sifa. Nikasema, "Jamani, niwaonyeshe VPN kwa macho." Nikachukua intaneti ya simu, laptopu ikawa kwenye projekta, spika nimeipandisha juu, nikawasha VPN, nikafungua kamera, na duka la mke wangu likatokea ukutani, kubwa, kila mtu akashangaa. Wakapiga makofi! Yasinta yuko kaunta, wateja kama sita, na pembeni kwenye kiti cha plastiki amekaa mama mkwe, amefika asubuhi ile kwa miguu kutoka Heru Juu, na furushi la maharage liko miguuni pake.

Nikasema kwa majivuno, "Mnaona? Mimi niko Murungu, lakini kwa mtandao niko nyumbani kwangu. Na hakuna anayejua."

Sijamaliza neno, nikasikia kwenye spika, krrr, krrr. Printa ya Yasinta.

Naapa, sikuelewa. Nilidhani ni kazi ya mteja, kumbe laptopu, kwa kuwa sasa kwa mtandao iko nyumbani, imeiona printa yake na kuimwagia foleni yote. Karatasi zikatoka moja baada ya nyingine, Yasinta akachukua iliyokuwa juu, na iliyokuwa juu ni ukurasa wa pili, ule usio na jina langu pale mwanzo. Akageuka kwa wateja. "Hii ya nani? Kuna mtu anaomba uhamisho." Wote wakatikisa vichwa. Akaanza utaratibu wake.

"'Moja. Mke wangu ana kifua na ameshindwa kabisa na baridi ya huku.'"

Nilijua kila neno linalofuata na sikuweza kulizuia. Kipanya kilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kufunga kila kitu kwa kidole kimoja, na kidole kilikataa, mpaka leo najiuliza kidole kile kilikuwa cha nani.

"'Mbili. Mama mkwe wangu ni mgonjwa wa muda mrefu, anaishi Morogoro na anahitaji uangalizi wangu wa karibu.'"

Mteja mmoja akacheka, "Huyo muongo! Nani anahama kazi kwa ajili ya mama mkwe?" Mama mkwe mwenyewe naye akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Maskini, huyo mama ana bahati ya mkwe." Darasani huku, walimu wanacheka nao, Mwalimu Bitama anajipangusa machozi, hajui bado.

Yasinta akasoma ya tatu, ile ya makazi, taratibu kidogo, nadhani alishaanza kuutambua mkono wa mwandishi. Kisha akashuka chini kabisa. "'Wako katika ujenzi wa taifa...'"

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Jina langu lilikuwa limeandikwa ubaoni tangu Jumatatu, na Yasinta alilisoma lote, majina yote matatu, polepole, kama anasoma matokeo ya mtihani ya mtoto aliyefeli. Walimu thelathini wakageuka kutoka ukutani wakaniangalia mimi. Sijawahi kuona macho mengi vile.

Kisha akainua uso, akaiangalia kamera. Alijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba naweza kuwa naona.

"Baba Neema. Upo humo?"

Hapo sasa, badala ya kufunga, nikabonyeza kitufe cha kuongea. Nikasema, "Mama Neema, hiyo barua si vile unavyofikiri," na sauti yangu ikatokea darini kule Kasulu, wateja wawili wakaruka, mmoja akatoka nje kabisa na kazi yake hakuichukua.

Nilitegemea matusi. Mama mkwe akasimama, akaweka khanga yake vizuri, akaja mpaka chini ya kamera, akaanza kupiga makofi ya salamu taratibu, kwa heshima, kwa sababu Muha, mwenyeji wa huku, haanzi maneno na mtu kabla hajamsalimia, hata kama huyo mtu yuko darini na amemwandikia ugonjwa.

"Mwakeye, mwalimu."

Ningefanya nini? Mkwe wangu ananisalimia. Nikaacha kipanya, nikapiga makofi, mbele ya semina nzima, nimeinama mbele ya laptopu. "Mwakeye, mama."

"Huko ulipo wazima?"

"Wazima, mama."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha, mama."

"Wanafunzi wako hawajambo?" (Wanafunzi wangu walikuwa wanauma mikono wasicheke.)

"Hawajambo, mama."

"Na yule mgonjwa wako wa Morogoro, umesikia anaendeleaje?"

Jamani. Makofi yakaniishia mikononi. Darasa likapasuka, Mwalimu Bitama akateleza kwenye kiti, na mimi nikachomoa waya wa umeme, wa projekta, sio wa laptopu, kwa hiyo picha ikapotea na sauti ikabaki, tukamsikia wote Yasinta akisema, kwa sauti ndogo ambayo ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko chote, "Na matofali yangu, mama?"

Nilirudi Kasulu Jumamosi, kwenye basi nimeangalia dirishani njia nzima. Nikafika nikakuta nakala moja imebandikwa kwenye ubao wa duka, imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu: MFANO WA BARUA YA UHAMISHO. Nikaingia sebuleni. Mama mkwe amekaa kwenye kiti changu, miguu ameinyoosha kwenye stuli, furushi la nguo kando, mzima kama chuma.

"Nimekuja kuuguzwa," akasema. "Imeandikwa uangalizi wa karibu. Nikaona Morogoro mbali, nikusogelee."

Nilidhani ni mzaha. Hapana! Alikaa. Mama mkwe, chini ya paa langu, jambo ambalo mwenyewe alikuwa analiona aibu hata kulifikiria, na kila jioni mimi ndiye niliyempelekea maji ya kuoga na uji, na kila nikipokea bakuli kutoka mkononi mwake ananiuliza kama kifua cha binti yake kimepoa. Yasinta hakuongea na mimi siku nne. Ya tano nikashindwa. Nikamwambia jikoni, nimesimama kama mtoto, kwamba baba yangu yuko peke yake tangu mama afariki, kwamba kwenye simu ananiambia amekula na jirani anasema hajala, na mimi nalala huku nasikia vibaya kila usiku, na sikujua namna ya kulisema hilo kwa mtu anayehesabu matofali.

Akaweka mwiko chini. "Na hii ndiyo sababu yenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbona kwenye barua haipo?"

Niliandika uongo mara tatu kuukimbia ukweli mmoja ambao ungeeleweka.

Hapo hapo sauti ikatoka sebuleni, kwa mgonjwa wangu. "Mwalimu! Huyo baba mlete huku. Matofali yanatosha vyumba vitatu. Na mimi nikipona kesho, kitanda ninamwachia."

Akapona kesho yake kweli, akarudi Heru Juu kwa miguu. Baba alifika baada ya mavuno, sasa hivi yuko kiwanjani anawagombeza mafundi kwa Kiluguru na hawamwelewi. VPN bado ipo kwenye rauta, sikuiondoa, inafanya kazi vizuri, tatizo halikuwa yenyewe. Ila nimejiapiza: kila nikitaka kuiwasha, kwanza naangalia foleni ya printa, halafu nampigia Yasinta kumuuliza nani yupo dukani. Na barua yangu bado iko ubaoni. Nikimwomba aitoe ananiambia, "Mwenyewe hajajitokeza kusema ni yake."