Namba ya Baba kwenye Pasi za Shule

Mtoto wa kambi ya mgodi hakuulizwa jina. Ulikwenda hospitali ya kampuni na homa yako, na mtu wa dirishani hakutaka kujua kama wewe ni Edith au ni nani. Alisema tu, "Namba ya papa?" yaani namba aliyopewa baba yako na kampuni. Shuleni, namba ya papa. Kwenye mstari wa unga, namba ya papa. Edith Banza alikuwa hajajua kufunga viatu vyake mwenyewe, lakini namba aliijua, tena kwa Kifaransa, mbio mbio kama Salamu Maria: vingt-sept six cent quatorze. 27614. Ukiisahau, ulirudi nyumbani na mfuko mtupu, na huko mlangoni mama alikuwa anakungoja.

Leo Edith ana miaka hamsini na sita. Anaishi Kenya, si nchi ile bali mtaa wa mji huo huo wa mgodi, nyuma ya soko, na kazi yake ni kupima vyombo vya umeme katika shule moja ya wasichana hapo hapo mtaani. Kila mwaka kabla ya masomo kuanza, anapita chumba kwa chumba: pasi za darasa la ushonaji, cherehani za umeme, kompyuta, friji, birika la walimu. Anafungua fishi, ile inayoingia ukutani, anatazama nyaya zimefungwaje. Kisha anaunganisha chombo na mega, sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha, na sindano inamwambia kama umeme unakaa ndani ya waya wake au unavuja ukitafuta kidole cha mtoto. Sindano ikipita alama ya moja, chombo kimefaulu, anakifungia kadi kwa uzi. Isipofika moja, anatoa koleo na kukata fishi palepale. Hangoji kesho. Watu tunawajua: chombo kibovu chenye fishi kitatumika tu, kwa siku moja tu, basi.

Hayo yote alifundishwa na baba yake, na sanduku ni la baba yake. Muzee Banza alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi miaka thelathini na moja katika atelie, karakana ya umeme ya kampuni. Jumapili baada ya misa hakupumzika. Majirani walileta pasi zao, yeye akakaa kwenye ngazi ya mlango na shati lake la kanisani, mikono ameikunja. Kaka zake Edith walikimbilia mpira. Edith alibaki, kiganja wazi, na baba akamwekea skrubu humo moja moja kwa mpangilio wa kuzitoa. Skrubu zilikuwa na joto la jua. Hadi leo akifungua fishi, kiganja cha kushoto kinajifungua chenyewe, na anamkumbuka baba.

"Kuran haina ndugu," muzee alizoea kusema, na kuran kwake ni umeme. "Haikujue, hata ukiisalimia."

Mwaka wa tisini Edith alipata breve yake, cheti cha fundi umeme, msichana peke yake kati ya vijana ishirini na watatu. Baba aliisoma karatasi ile polepole, pande zote mbili, ingawa nyuma hapakuandikwa kitu. Aliikunja, akaitia ndani ya Biblia, akasema, "Sasa tuko babili," mafundi wawili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Edith aliishi na maneno hayo matatu kama mtu aliyepewa shamba.

Halafu zikaja siku mbaya. Kampuni ilikuwa imeishiwa, wazee wamerudishwa nyumbani. Mwaka elfu mbili na nne kifua cha muzee kilikataa, na Edith akampeleka hospitalini, dirisha lile lile la utoto wake. Alisema namba. Kijana wa dirishani alitafuta kwenye daftari, akageuza kurasa, akasema, "Hii namba haiko tena." Muzee alikuwa kwenye benchi nyuma yake, akasikia. Alitazama mikono yake. Majuma mawili baadaye wakamzika, na mimi siwezi kusema kwamba maneno yale yalimwua, maana kifua kilikuwa kibovu tangu zamani. Lakini Edith hajayasamehe.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya shule. Kwenye kadi ya kwanza, mahali pa mpimaji, mkono wake uliandika 27614. Unaweza kusema ni mazoea ya mtoto wa kambi, na ni kweli kiasi. Lakini ya pili aliandika akijua, na ya tatu pia. Ikiwa dirishani namba haiko tena, hapa ipo, inafanya kazi, inalinda watoto. Basi miaka kumi na tisa, kadi zote na madaftari yote, namba ya baba.

Sasa mwaka huu wazazi wa shule wakakata bima. Walikuwa wamesikia habari za waya ulioungua katika darasa fulani mjini, wakaogopa, na wana haki. Bima nayo ikaweka masharti yake: anayepima vyombo awe na breve, na awe na asiransi, yaani bima yake mwenyewe, ile inayojibu mtoto akiumia kwa kosa la mpimaji. Na asiransi hiyo haipewi mtu hivi hivi. Inataka kuona miaka mitano ya kazi iliyoandikwa. Yote yawe tayari kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi inakwenda kwa kampuni moja ya katikati ya mji.

Edith hakuogopa. Breve anayo, madaftari anayo. Jumatatu asubuhi aliyabeba kwenye kikapu, pamoja na mega, mpaka ofisini kwa Mama Chileshe, direktrise, mkuu wa shule, ambaye wamezeeka pamoja wakitaniana. Mtu wa asiransi alikuwa amefika, jina lake Elisée, kijana mpole, shati limenyooka. Alisoma breve, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua daftari la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama, hii 27614 njo nani?"

"Njo papa yangu. Namba yake ya kazi."

"Naye anafanya kazi hapa?"

"Alikufa mwaka elfu mbili na ine."

Elisée alifunga daftari taratibu. "Kumbe, Mama, kwa karatasi hizi fer zote za kunyosha nguo zilipimwa na marehemu."

Mama Chileshe alianza kucheka, akaona uso wa Edith, akaacha.

"Ni miye nilipima," Edith alisema. "Namba ni ya papa, lakini mikono ni yangu."

"Miye nakuamini, Mama. Asiransi haiamini, inasoma. Inabeba muntu mwenye jina. Mutoto akipigwa na kuran, tutauliza nani alipima. Sitaenda kubisha ku kaburi."

Edith alimweleza habari za kambi, dirisha, mstari wa unga. Elisée alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Hata kwetu kulikuwa namba," akasema. "Ya babu. Mpaka leo naijua. Lakini haikunipa permi ya kuendesha motokari."

Edith aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alitaka kumheshimu baba yake, na kwa heshima hiyo akajifuta mwenyewe katika kazi yake yote. Ijumaa watakuja watu wa mjini na mashine zao mpya, na yeye atakuwa mama mmoja wa Kenya mwenye sanduku la zamani.

"Sisi bantu ba mashambani Kasungami hatukukuwa na namba," Mama Chileshe alisema. "Tulikuwa na mihogo. Njo maana tunaandika majina." Akamgeukia Elisée. "Mwana yangu, chukua daftari ya mwaka jana, twende ku darasa ya kushona. Kama huyu njo alipima, atajua kila kintu. Kama hakupima, hatajue."

Elisée alifikiri. Alisema hilo linaweza kuandikwa: kupima upya mbele ya shahidi. Wakaenda.

Pasi na cherehani zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu kwa mpangilio wa daftari. Edith alimwonyesha Elisée namna ya kufunga waya za mega na kuzungusha mkono, polepole, bila kusita. Kisha akaenda dirishani, akawapa mgongo.

"Ya kwanza?" Elisée aliuliza.

"Mukono wa kijani? Itakupa makumi ine. Waya yake niliibadirisha mwaka juzi."

Sindano ikasimama arobaini na moja. Daftari lilisema arobaini na mbili.

"Ya pili."

"Ile yenye kuanguka sana. Kumi na tano."

Kumi na tano. Wakaendelea hivyo. Edith alitazama uani, wasichana wawili wakifagia, na kila chombo kikamjia kama mtoto anayeitwa kwa zamu: huyu alibadilishiwa waya wa ardhi, huyu fishi yake ililiwa na panya, cherehani hii haipendi mvua. Hakukosa kwa mengi hata mara moja. Kufikia chombo cha ishirini, Elisée aliacha kulinganisha na daftari, akawa anasikiliza tu. Mama Chileshe alikaa na kujipepea na khanga, amefurahi kama yeye ndiye aliyejibu.

"Imebaki moja," Elisée alisema. "Ya mwisho kabisa. Nzito, mukono wa mbao mweusi."

Edith alishika chuma cha dirisha.

"Mama?"

"Ile sijue," Edith alisema. "Ile naogopa."

Ilikuwa pasi ya nyumbani kwao, ile ambayo Muzee Banza aliifungua na kuifunga mara nyingi zaidi kuliko zote. Walipogawana vitu baada ya matanga, kaka zake walitaka redio na kitanda. Yeye alichukua mega na pasi, na pasi akaileta shuleni, iendelee kufanya kazi kama namba. Madaftari yalimjua mgonjwa huyo: hamsini, thelathini, kumi na mbili. Mwaka jana, mbili.

Alikuja mezani, akazungusha mkono yeye mwenyewe. Sindano ilipanda, ikatetemeka, ikarudi chini. Nusu. Alifuta fishi kwa pembe ya nguo yake, akakaza waya, akazungusha tena. Nusu.

Mama Chileshe aliweka mkono begani kwake. "Edith, iko ya muzee. Tuiweke ku kabati, na kadi yake. Hakuna mwenye ataigusa."

Maneno ya upendo, na Edith aliyataka. Nakwambia aliyataka kwa moyo wote. Lakini aliijua kabati hiyo. Wiki ya mitihani, pasi zikipungua, kabati hufunguliwa, na msichana fulani wa miaka kumi na tano atashika mbao ile nyeusi akiamini kadi.

"Kuran haina ndugu," akasema.

Akatoa koleo. Waya wa zamani ni mgumu, ilibidi abane kwa mikono miwili. Fishi ikaanguka juu ya meza, akaiokota, akaitia mfukoni. Alichukua kadi, akaandika: Imekataliwa. Mahali pa mpimaji, kalamu ilianza na mbili, kama ilivyozoea. Akasimama. Akaikata ile mbili kwa mstari, na pembeni akaandika Edith Banza, herufi kubwa zisizolingana, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaomba daftari, na chini ya mstari wa mwisho akaandika: 27614, pansheni, kama mzee anayestaafishwa. Akaweka tarehe. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Elisée alifungua mkoba wake juu ya meza ya kupigia pasi, akatoa fomu ya asiransi, akainyoosha kwa kiganja. Hakuhitaji tena kungoja Ijumaa. Alichokuwa anatafuta katika madaftari yote yale alikuwa amekwisha kukiona, mtu anayekata fishi ya baba yake.

"Tuandike, Mama," akasema. Alilijua jibu, lakini fomu ilianza hapo, naye akafuata fomu. "Jina?"

Miaka hamsini na sita, na sasa swali la kwanza lilikuwa jina, si namba. Edith alivuta kiti karibu na meza, akalitaja polepole, Edith Banza, akingoja kila herufi iandikwe.