Nilikojoa Mkojo Mwekundu, Nikadhani ni Rangi ya Basi

Mkojo ulitoka mwekundu, na mimi nikacheka.

Usinishangae. Wiki nzima tulikuwa tunapiga rangi basi jekundu pale gerejini. Kucha nyekundu, nywele nyekundu, hata makamasi mekundu. Nikajisemea, leo basi limefika mpaka huku chini.

Nikamwita kaka yangu. "Kaka, njoo uone maajabu!"

Kaka ndiye mwenye gereji, ndiye aliyenifundisha kazi. Watu walimwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake, ukikupitia lazima uchubuke. Siku hiyo alichungulia chooni, akamwaga maji upesi.

"Ni rangi hiyo, bwana mdogo. Kunywa maziwa."

Kama hujawahi kufanya kazi hii, sisi mafundi rangi tunaamini maziwa yanasafisha kila kitu. Ukimaliza kupuliza unashusha pakiti moja, unajiona mzima. Barakoa tuliwaachia waoga.

Nikanywa maziwa. Mkojo ukarudi kawaida.

Halafu ukaja mwekundu tena, na safari hii tulikuwa tunapiga rangi pikapu nyeupe.

Hapo kicheko kiliniishia. Mke wangu akanikokota hospitali. Wakapitisha kamera kwenye njia ya mkojo, na hapo naomba niruke.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. "Una saratani ya kibofu," akasema. "Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akauliza kama navuta sigara. Nikasema navuta.

"Sumu unazovuta, za rangi na za sigara, zinatokea kwenye mkojo. Kibofu ndicho kinachokaa nazo."

"Lakini nakunywa maziwa, daktari."

"Maziwa ni mazuri kwa mifupa," akanijibu.

Wakaukwangua uvimbe uliokuwa ndani ya kibofu. Kisha kila wiki wakawa wananiwekea dawa ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo. Unaibana kwa muda wa saa mbili, unajigeuza ubavu huu na ubavu ule, halafu ukienda kukojoa unawaka moto. Homa nayo inakusubiri nyumbani.

Kaka alinisindikiza kila wiki. Alikaa kando ya kitanda, ananigeuza, ananiuliza maswali.

"Ile damu ilikuwa inauma?"

"Wala."

"Inakatika halafu inarudi?"

"Ndiyo hivyo."

"Na kamera, wanakulaza usingizi au unaona kila kitu?"

Nikasema moyoni, huyu mtu ananipenda kweli. Nikamjibu yote na chumvi nikatia, maana mgonjwa naye anapenda kuonewa huruma.

Nikapata nafuu. Nikaacha sigara, nikaanza kuvaa barakoa, mafundi wakaniita daktari.

Mwaka haukuisha. Kamera ya ukaguzi ikakuta uvimbe mwingine, na huo ulikuwa umeingia kwenye nyama ya kibofu. Kibofu kitolewe chote, au kinizike. Nililia mbele ya yule mama bila aibu.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilikuwa na tundu tumboni, limebandikwa mfuko, mkojo unadondokea humo wenyewe bila kuniuliza. Kaka akaja kuniona. Mfuko ukavuja palepale, shuka likalowa, harufu ikajaa wodi.

"Bora wangeniacha nife!" nikapiga kelele. "Kaka, mimi si mwanaume tena!"

Kaka akautazama ule mfuko. Akatoka.

Hakurudi. Nikipiga simu, jibu ni moja: "Kazi zimebana, bwana mdogo." Nikaumia, kisha nikanuna. Nikaacha kupiga.

Miezi ikapita. Nikajifunza kuubandika mfuko usivuje. Mwili ukarudi. Mke wangu akaanza kuniita Baba Mkoba, tukawa tunacheka kitandani, na hatukuishia kwenye kucheka. Vipimo vikatoka safi. Kaka hakujua hata moja kati ya haya.

Asubuhi moja shemeji yangu, mke wa kaka, akanipigia. "Njoo, shemeji. Anakutaka."

Nilimkuta amekwisha, mifupa mitupu ndani ya shuka. Kando ya kitanda palikuwa na ndoo, na rangi ya kilichokuwemo niliijua.

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu kabla yako."

Nikakaa chini. Maswali yote yale ya hospitali alikuwa anajiulizia mwenyewe.

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Nilishajipanga kwenda," akasema kwa shida. "Halafu nikakuona na ule mfuko, ukalia vile. Nikasema bora nife na viungo vyangu vyote."

Nikavua shati. Nikamwonyesha mfuko, mkavu, umetulia. Nikamwambia nakula, nalala, nafanya kazi, na mke wangu hajahama chumba.

Akaugusa kwa kidole.

"Mbona hukuniambia haya?"

Nikavaa shati langu. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, nenda ukapimwe. Usijitafutie sababu.

Na wewe uliyepona, watu walikuona ukilia. Waonyeshe na jinsi unavyoishi. Kuna mmoja anakuangalia wewe kabla hajaamua.